Mkanda wa Bunduki ya Kuwindia: Kuupima, Kuuchagua na Kuufunga

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja wa Magu alinijia kibandani kwangu Mlango Mmoja, akasimama pembeni mpaka wateja wa viatu wakaisha. Nikamwamkia. Akaitikia, akainama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Fundi, nimekuja nayo. Iko kwenye gunia."

Bunduki, katikati ya soko, saa tano asubuhi. Nikamjibu: "Mzee wangu, sihitaji kuiona. Mpe kijana airudishe kwenye gari mwende nayo nyumbani, uifungie. Kisha niletee vipimo kwenye karatasi." Akaniuliza vipimo gani. Nilipomaliza kumweleza nikakumbuka kwamba maneno yale yale nilikuwa nimeyasema mwezi huo huo kwa watu wengine wanne. Mkanda gani haukati bega? Ngozi au nailoni? Urefu wake uwe kiasi gani? Kwa nini wangu unateleza? Basi nimeona niyaandike yote hapa, mtu ayasome nyumbani kwake na bunduki yake ikiwa kabatini.

Nashona ngozi hapa Mwanza, na msimu ukifunguliwa huwa nakwenda porini na wenzangu wenye leseni. Ninachokuandikia kimepita begani kwangu. Naandika kwa mtu mwenye kibali halali cha silaha na leseni ya kuwinda. Kama karatasi hizo bado hazijakamilika, anza nazo, mkanda utakungoja.

Ukisahau yote mengine, shika hili: mkanda haujulikani dukani. Dukani yote ni mizuri, inang'aa, inanukia ngozi mpya. Bega ndilo linaloujua, na linaujua baada ya saa nzima ya kutembea. Hatua zote zilizo hapa chini zinakupeleka kwenye saa hiyo moja kabla hujatoa hela, au walau kabla hujafika porini.

Andaa vitu hivi

- Futi ya fundi cherehani.
- Kamba ya katani, meta mbili.
- Mpini wa jembe, mrefu kama bunduki yako. Meta moja na kidogo inatosha.
- Chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zimejaa.
- Dumu la lita 20.
- Bisibisi inayoingia sawasawa kwenye skrubu zako.
- Rangi ya kucha, rangi yoyote. Muombe mama watoto.
- Shati au jaketi unalovaa ukiwinda. Usipime na fulana ya nyumbani.

Hatua ya 1: Toa risasi

Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zipeleke chumba kingine. Rudia tena hata kama uliitoa jana mwenyewe. Hatua nyingine zote zinafanywa na bunduki tupu, mlango umefungwa, watoto wako nje.

Hatua ya 2: Kagua mahali mkanda unaposhika

Wengi wanaruka hatua hii, na ndiyo inayoangusha bunduki. Geuza bunduki tumbo juu. Utaona vijiti viwili vifupi vya chuma vyenye tundu, kimoja mbele na kimoja chini ya kitako. Kwenye tundu hizo huingia pete za chuma zinazobeba mkanda. Wengine huziita swiveli, mimi nitaziita pete.

Pima upana wa ndani wa pete. Nyingi ni za aina mbili: zinazopitisha utepe wa sentimita 2.5 na zinazopitisha wa sentimita 3.2. Andika, hicho ni kipimo cha kwanza. Mkanda mpana kuliko pete hujikunja ukingoni, na pale unapojikunja ndipo utakapokatika. Mwembamba kuliko pete huchezacheza na kupiga kelele.

Kisha shika kila kijiti kwa vidole ukitikise. Kikizunguka, kikaze. Kisipokazika kwa sababu mti wa bunduki umelika ndani, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Usijaze tundu ya skrubu kwa kijiti cha kiberiti na gundi. Nimeyaona hayo, na najua yanavyoishia.

Nilikuwa na wenzangu upande wa Maswa, tunavuka korongo la mawe. Bunduki ilikuwa begani, mtutu juu. Nilisikia kitu kidogo kikigonga jiwe, "ti", nikadhani ni kokoto imetoka chini ya kiatu. Ilikuwa skrubu ya kijiti cha nyuma. Hatua mbili mbele, mkanda ukalegea ghafla, bunduki ikashuka kitako mbele, darubini ikapiga ukingo wa mwamba. Namshukuru Mungu chemba ilikuwa tupu. Lakini darubini ilikwisha kuhama. Jioni tulipoijaribu kwenye boksi kwa meta 100, risasi zilikuwa zinakwenda upande kiasi cha kiganja kizima. Siku mbili za leseni yangu zikaishia kwenye kunyoosha darubini. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima kabisa, ngozi nene niliyoishona kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo, skrubu ikishakazwa naipaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa chake hadi kwenye mti. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Unaangalia kwa sekunde moja kila asubuhi.

Mwenye bunduki ya teke kubwa, ya risasi nene za .375 na kwenda juu, aangalie pia kijiti cha mbele kiko wapi. Kikiwa kwenye mti karibu na unaposhika kwa mkono wa kushoto, teke linaweza kukirudisha kikachana vidole vyako. Ndiyo maana bunduki nyingi za nyati zina pete ya mbele kwenye mtutu wenyewe, mbali na mkono. Yako ikiwa hivyo, mkanda utahitaji kuwa mrefu zaidi kidogo.

Shotigani za kanga na bata maji mara nyingi hazina vijiti kabisa. Usitoboe mti. Tumia mkanda wenye kitanzi cha ngozi kinachobana shingo ya kitako na kingine kinachovaa mtutu mbele.

Hatua ya 3: Amua utaibebaje

Wengi hubeba mtutu juu, nyuma ya bega la kulia. Ni rahisi, na mtutu uko mbali na matope. Ubaya wake ni matawi: ukiinama kupita chini ya migunga, mtutu unanasa na kukuvuta nyuma.

Wengine hubeba mtutu chini kwenye bega la kushoto. Haionekani sana juu ya majani, na kwa aliyezoea inapanda begani haraka, maana mkono wa kushoto tayari uko mbele ya bunduki. Mimi ndiyo njia yangu. Ila inadai uangalifu. Ukipiga goti bila kukumbuka, mtutu unachimba ardhi, na kwenye mbuga za matope na ufukweni unajaa. Mtutu uliozibwa na udongo ukipigwa risasi unaweza kupasuka usoni kwako. Bandika kipande chembamba cha utepe wa gundi mdomoni mwa mtutu, na kila ukiinuka kutoka gotini, kagua.

Ya tatu ni kuvuka kifua, mkanda ukipita shingoni kwenda kwapani. Ni nzuri kwa safari ndefu na kwa kupanda mawe, kwa kuwa mikono yote miwili inabaki huru. Kuitoa kunachelewesha, kwa hiyo si ya kukaribia mnyama.

Chagua moja utakayoitumia zaidi, ndiyo utakayoipimia.

Hatua ya 4: Pima urefu kwa kamba ya katani

Vaa shati lako la porini. Funga kamba kwenye pete zote mbili, itundike bunduki begani namna uliyochagua, simama mbele ya kioo au muite mtu akuangalie. Fupisha na refusha mpaka mambo haya matatu yakae sawa:

Kitako kisigonge nyuma ya goti unapotembea. Mtutu usipite kichwa chako kwa kiasi cha kunasa matawi. Na mkono ukiwa umeshika kamba mbele ya kifua, kiwiko kimekunjwa bila kujilazimisha, bunduki itulie mwilini.

Tembea chumbani, chuchumaa, inuka, inama kama unayepita chini ya tawi. Ikikaa, funga fundo, pima kutoka pete hadi pete. Hicho ni kipimo cha pili. Kwa kubeba begani mara nyingi huangukia kati ya sentimita 85 na 105. Kuvuka kifua kunahitaji zaidi. Muombe fundi aache nafasi ya kuongeza na kupunguza sentimita kumi kumi, kwa sababu asubuhi ya baridi una jaketi na saa sita huna.

Kosa la kawaida hapa ni kununua mkanda mrefu "ili usibane". Mkanda mrefu unaacha bunduki iyumbe kama pendulamu, kila hatua inakupiga kiunoni, na ifikapo jioni unatembea umejipinda.

Hatua ya 5: Chagua kitu cha kutengenezea mkanda

Ngozi ya ng'ombe iliyodabaghwa vizuri ndiyo ninayoipenda, na sisemi hivyo kwa sababu naiuza. Haina mlio, inachukua umbo la bega lako, na ikitunzwa inadumu miaka mingi. Tafuta unene wa milimita tatu hadi nne. Ikunje kwa nguvu, upande wa juu ukunje nje: ikionyesha nyufa nyeupe, iache. Inuse pia. Ngozi yenye harufu ya kuoza haikuiva kwenye dawa, na itakula chuma cha bunduki yako. Ubaya wa ngozi ni unyevu. Hapa kandokando ya ziwa, masika ikiingia, mkanda ulioning'inizwa ndani unaota ukungu wa kijani kwa wiki moja tu.

Utepe wa nailoni ni mwepesi, haunywi maji sana, ukichafuka unaufua kama nguo. Kwa mtu wa bata anayeingia kwenye matete ndio unaofaa zaidi. Lakini nailoni tupu inateleza juu ya shati, na ukingo wake ukishachakaa unasugua shingo mpaka inatoka malengelenge. Hapa ndipo linapokuja swali la mkanda wa gari, ule wa kujifunga kwenye kiti. Vijana wengi wanaukata na kuutumia. Una nguvu, sikatai. Ila umefumwa ili uteleze, hauna unene, na unajikunja kuwa kamba ukipata uzito. Ukiutumia, ushonee kitu cha kushika begani. Nitakieleza.

Neoprini, ile mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi, inavutika. Ukiitundika dukani unahisi bunduki imekuwa nyepesi, ndiyo maana inauzika. Porini kule kuvutika kunageuka kuwa kurukaruka: kila hatua bunduki inashuka na kupanda. Kwa matembezi mafupi haina neno. Kwa siku nzima, na bunduki ya kilo nne na zaidi, mimi sikushauri. Halafu inatunza joto, bega linachemka.

Turubai ya pamba, kama ya mabegi ya zamani, watu wameisahau bure. Inashika bega vizuri, haina kelele. Ikilowa tu ndipo inapokuwa nzito na kuchelewa kukauka.

Hatua ya 6: Upana na kitu cha kushika

Sehemu inayokaa begani iwe sentimita tano au sita. Ncha mbili ziwe nyembamba kwa kipimo cha pete zako. Upana ukizidi hapo haukai kwenye bega, unapanda shingoni.

Upande wa ndani ndio unaozuia kuteleza. Kwenye ngozi, ile sura ya nyama, yenye vinyweleo, ielekee chini. Kwenye nailoni, kata kipande cha tyubu ya baiskeli urefu wa kiganja na nusu, kioshe, ushone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono miwili kila ukingo. Hauhami tena, hata shati likilowa jasho. Sponji nene usiweke. Siku ya kwanza ni tamu, baada ya mwezi imelala na kushika maji.

Hatua ya 7: Rangi na kelele

Chagua kahawia au kaki. Mbung'o hufuata rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mkanda mweusi unaning'inia karibu na sikio lako siku nzima, usijitafutie. Na madoadoa ya kijeshi yaache kabisa. Hutaki maswali kwenye kizuizi cha barabarani ukiwa umebeba silaha.

Kuhusu kelele: shika mkanda karibu na sikio, utikise. Bizimu ya chuma ikigonga pete, ifunike kwa kipande cha ngozi. Vifungo vya velkro visiwepo kabisa, ule mchaniko wake unasikika mbali, na swala hasubiri kujua ni nini.

Hatua ya 8: Saa moja na mpini wa jembe

Usitembee na bunduki mtaani kujaribu mkanda. Fanya hivi. Funga chupa mbili za maji kwenye mpini wa jembe, moja kila upande wa katikati. Chupa peke yake ni kilo tatu, ukiongeza mpini unakaribia uzito wa bunduki yenye darubini. Funga mkanda kwenye ncha za mpini kwa nafasi ile ile ya pete, kisha panda nao mlima. Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda mbali: njia za mawe za Isamilo au Mabatini zinatosha. Saa nzima, na shati lako la porini. Usibadilishe bega.

Ukirudi, vua shati. Wekundu ulioenea ni sawa. Mstari mwembamba uliozama ni mkanda kukukata, urudishe. Kama ulikuwa unausukuma begani kila baada ya hatua kumi, unateleza, urudishe. Kama kuna wakati ulisahau kwamba umebeba kitu, huo ndio wako.

Baadaye usiku tundika dumu la lita 20, limejaa, kwenye tawi kwa kutumia mkanda huo huo. Asubuhi angalia mishono, ribiti na tundu za bizimu. Tundu ikivutika kuwa ndefu kama mbegu ya tikiti, ngozi ni dhaifu. Pima urefu tena, ngozi mpya huvutika kidogo. Hicho ni kipimo cha tatu, na ndicho cha kuamini.

Hatua ya 9: Ufunge na uuzoee

Funga kwenye bunduki, kaza, paka mstari wa rangi ya kucha. Ndani ya nyumba, bunduki tupu, jizoeze kuitoa begani mara ishirini kila jioni kwa wiki moja, polepole, bila kidole kugusa kifyatulio.

Jifunze pia kuuvua. Unapokaribia nyati kwenye kichaka kizito, mkanda unaoning'inia unanasa kwenye miiba wakati mbaya kuliko wote. Wawindaji wazoefu huutoa na kuuweka mfukoni. Pete za kufungua haraka zinasaidia, mradi ziwe na kifungio cha skrubu.

Mambo yakigoma

*Bega linauma upande mmoja tu.* Mkanda ni mrefu. Punguza sentimita tano kabla hujaufikiria kuwa mbovu.

*Bunduki inapinduka mtutu chini yenyewe.* Darubini nzito inavuta juu, na mkanda ni mrefu mno. Fupisha. Ikiendelea, bana mkanda kwa mkono kifuani unapotembea.

*Pete inalia kama bawaba.* Tone moja la mafuta ya cherehani, kisha futa. Ukiacha mafuta mengi yanabeba vumbi na kelele inarudi.

*Kutu pale mkanda unapogusa chuma.* Jasho na unyevu wa ngozi. Usihifadhi bunduki na mkanda ukiwa umeufunga. Uvue, uning'inize penye hewa, futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta.

*Ukungu kwenye ngozi.* Futa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kausha kivulini. Jua kali na moto wa jikoni vinaipasua. Ikikauka, paka nta ya nyuki au mafuta ya ngozi, kidogo sana. Ngozi iliyolishwa mafuta kupita kiasi inakuwa laini na kuvutika.

*Nyufa zinazoonekana ukiikunja karibu na pete.* Hizo mafuta hayaziponyi. Kata mkanda, toa pete zako, zioshe, zihifadhi. Zitafaa kwenye mkanda ujao.